Vihenge vitupu vyaleta wageni Brim

BRIM ni kijiji cha wakulima wa nafaka katika jimbo la Victoria, Australia. Vihenge vyake vinne vya zege, vyenye urefu wa mita 30 hivi, vilijengwa mwaka 1939 na baadaye vikaachwa bila kazi. Ukame ulipobana, wananchi walitafuta kitu cha kuwasimamisha wasafiri waliokuwa wakipita tu.

Kampuni ya GrainCorp ilitoa vihenge, na kikundi cha kijiji kikampokea Guido van Helten, mchoraji aliyeanzia kwenye grafiti za mitaani na anayezunguka dunia akichora kuta kubwa. Kwanza alikaa na wakulima akiwapiga picha, ndipo akapanda juu na rangi. Januari 2016 sura nne zilikamilika. Majina hayakuandikwa, zinawakilisha vizazi vya wakulima wa eneo hilo.

Wageni walipoanza kumiminika, vijiji jirani havikutaka kupitwa. Sheep Hills, Patchewollock, Rupanyup, Lascelles na Rosebery navyo viliita wachoraji, kila kimoja na wake. Van Helten aliendelea na safari. Mwaka 2018 alichora vihenge vya Faulkton, Marekani.

Mchoro hutazamwa bure. Anayeingiza fedha ni mwenye chai, mkate na kitanda, ilimradi awe amefungua hata Jumapili. Ndiyo maana vijiji hivyo sita havikuishia kushindana, bali viliungana katika njia moja ya utalii ya takriban kilomita 200. Mgeni wa kihenge kimoja hupiga picha akaondoka. Wa sita hulazimika kula njiani, pengine na kulala.