Nasaha za Wanachuo Zisifike Baada ya Wakati

Kila mwaka, yanapotoka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, vijana wa Unguja na Pemba hufunga mizigo yao wakaelekea vyuoni. Wako wanaokwenda Tunguu na Chukwani, wako wanaopanda boti kwenda Dar es Salaam, na wako wanaofika hadi Morogoro na Dodoma. Wazazi hufurahi, na ni haki yao kufurahi. Lakini haumaliziki muhula wa kwanza ila wengi wa vijana hao huanza kusema neno moja: laiti ningelijua. Hawajutii kusoma. Wanasikitika kwamba mambo ambayo mtu mmoja angeweza kuwaeleza kwa nusu saa, walipokuwa kidato cha pili au cha tatu, wameyajua wakati hayana faida tena.

Tunataka leo tuyatazame mambo hayo, yaani nasaha ambazo mwanachuo angelimpa yule kijana aliyekuwa yeye mwenyewe miaka minne au mitano iliyopita. Si kwa ajili ya kuwalaumu vijana, bali kwa kuwa nasaha hizi ni mali ya umma, na mali ya umma haifai kupotea bure.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Tarehe 23 Septemba 1964, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo Zanzibar. Tangu siku hiyo mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkulima wa karafuu walipata haki ya kuingia darasani. Hata hivyo, kwa miaka mingi aliyetaka elimu ya chuo kikuu hakuwa na budi kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na leo Visiwa hivi vina vyuo vikuu vyake. Kwa hiyo mlango upo. Kinachokosekana kwa vijana wengi ni maarifa ya njia inayofika mlangoni.

Nasaha ya kwanza inahusu uchaguzi wa masomo. Mwishoni mwa kidato cha pili kijana huamua kama ataendelea na Fizikia na Kemia au atayaacha. Aghlabu uamuzi huo huchukuliwa kwa siku moja, na sababu zake ni nyepesi: rafiki yake ameacha, mwalimu wa somo ni mkali, au limeenea neno kwamba Fizikia haifaulu mtu. Hakuna anayemwambia kwamba siku ile anafunga milango ambayo haitafunguka kwa urahisi. Anayetaka udaktari wa binadamu lazima awe na Fizikia, Kemia na Biolojia kwa pamoja. Anayetaka uhandisi lazima awe na Hisabati na Fizikia. Na asiyepata alama ya C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu kidato cha nne, hata kidato cha tano hakioni. Mwanachuo angelimwambia mdogo wake: usiulize rafiki zako wanakwenda darasa gani, uliza kazi unayoitaka inahitaji masomo gani, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike ulipo leo.

Nasaha ya pili inahusu namna ya kusoma. Kijana wetu hufundishwa kwa Kiingereza masomo mengi ya sekondari, ilhali nyumbani, barazani na uwanjani hazungumzi ila Kiswahili. Ili afaulu, hukimbilia kuhifadhi. Huhifadhi majibu ya mitihani iliyopita, na pengine hufaulu. Lakini akifika chuoni mhadhiri hamwandikii ubaoni maelezo ya kunakili. Humpa vichwa vya habari na majina ya vitabu, naye aende maktaba akatafute, asome kurasa nyingi, kisha aandike fikra yake. Hapo aliyehifadhi pasi na kufahamu hupata taabu kubwa.

Wanachuo waliovuka kikwazo hiki wana njia yao, nayo haina gharama. Soma somo, funga daftari, mweleze mwenzako kwa Kiswahili ulichokifahamu. Ukishindwa kueleza, hujafahamu. Ukiweza, lieleze tena kwa Kiingereza chako mwenyewe, hata kama kinachechemea. Na wanaongeza jambo moja: uliza. Kijana anayenyamaza darasani kwa kuogopa kuchekwa hubeba ujinga wake miaka minne, hali ya kuwa kicheko cha darasani hakimalizi dakika moja.

Nasaha ya tatu huenda ikaonekana ndogo, lakini imewatoa machozi wengi. Ni habari ya majina na karatasi. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis, skuli imemwandikisha Hamisi, na fomu ya mtihani imejazwa na mtu aliyekuwa na haraka, jina la babu likaachwa. Kidato cha nne hakuna anayeona tatizo. Tatizo huja siku ya kuomba mkopo wa masomo, kwani cheti cha kuzaliwa huhakikiwa, na majina yote hutakiwa yafanane. Kijana aliyefaulu vizuri hujikuta akizunguka na hati za viapo kutoka ofisi hadi ofisi, huku siku za maombi zikipita. Tunayo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, na ipo ile ya Muungano. Zote mbili haziwezi kumsaidia mtu ambaye karatasi zake zinasema kuwa ni watu wawili. Mwanachuo angelimwambia mdogo wake: kabla ya kujaza fomu ya mtihani wa kidato cha nne, chukua cheti chako cha kuzaliwa, kiweke mbele yako, na ulinakili jina lako herufi kwa herufi.

Nasaha ya nne ni ya maisha yenyewe. Skuli ina kengele, ina mwalimu wa zamu, na nyumbani yupo mama anayeamsha alfajiri. Chuoni kengele haipo. Fedha za mkopo, ambazo wanachuo huziita bumu, hutolewa kwa mafungu, na aliyezitumia zote mwezi wa kwanza hula kwa kukopa mwezi wa pili. Kijana asiyewahi kupika, kufua wala kupanga matumizi ya wiki moja huona dakhalia kuwa adhabu. Hapa nasaha inawahusu wazee vile vile. Tusimlee mtoto wa kiume kama mgeni ndani ya nyumba yake, na tusimlemeze mtoto wa kike kwa kazi za nyumbani mpaka akose saa ya kusoma. Wote wawili wafanye kazi, na wote wawili wapate muda wa daftari.

Nasaha ya tano ni kwamba njia si moja. Vijana wengi hufika chuoni wakidhani kwamba elimu ni ualimu, sheria, udaktari au biashara, na kwamba aliyekosa hivyo amekosa kila kitu. Sisi ni watu wa visiwa, bahari imetuzunguka pande zote, na Serikali imeuweka Uchumi wa Buluu kuwa mhimili wa maendeleo. Tangu mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa hapa Unguja. Lakini ni wanafunzi wangapi wa Paje au Jambiani, ambao mama zao wanalima mwani, waliowahi kuambiwa kidato cha pili kwamba mwani, samaki na matumbawe ni fani ya kusomewa hadi shahada? Kadhalika kuna Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia kule Mbweni, na vituo vya mafunzo ya amali Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji. Fundi hodari wa umeme au wa mashine za boti si mtu aliyeshindwa maisha. Aliyeshindwa ni yule aliyesukumwa kwenye njia isiyokuwa yake kwa sababu hakuna aliyemwonyesha nyingine.

Wako watakaosema kwamba kila mtu hujifunza kwa kujikwaa, na kwamba kijana hasikii la mkuu mpaka avunjike guu. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Kijana asiyesikia nasaha amechagua. Kijana asiyepewa nasaha hakuchagua kitu. Tena kujikwaa hakumuumizi kila mtu sawasawa. Mtoto wa mjini ambaye kaka yake amekwisha soma chuo kikuu huyapata haya yote mezani wakati wa chakula cha usiku. Mtoto wa Micheweni au wa Tumbatu, ambaye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kufika kidato cha nne, hana wa kumuuliza. Mwalimu wake ana madarasa mengi, na wazazi wake, pamoja na mapenzi yao yote, hawakuipita njia hiyo. Basi tukinyamaza, elimu tuliyoitangaza kuwa ya wote itawanufaisha zaidi wale ambao tayari wana wa kuwashika mkono.

Wala tusiwe watu wa kuhimiza vijana tu. Wanachuo wana maneno pia kwa wenye mamlaka. Si haki kumwambia mtoto asiiache Fizikia ikiwa skuli yake haina mwalimu wa Fizikia, au maabara yake ni chumba chenye meza tupu. Nasaha haichukui nafasi ya mwalimu, na bidii haichukui nafasi ya vifaa.

Dawa ya kufikisha nasaha tunayo katika mila zetu. Katika vyuo vyetu vya Kurani, mwalimu mmoja huwa na watoto wengi wa daraja mbali mbali. Hawezi kumsikiliza kila mmoja herufi kwa herufi. Kwa hiyo aliyefika mbele humfundisha aliye nyuma: mwenye juzuu kubwa humshika mkono anayeanza alifu, naye kwa kufundisha huimarika zaidi. Hakuna anayelipwa, na hakuna anayeona ajabu. Ikiwa utaratibu huo umetufaa kwa vizazi vingi katika chuo cha mtaani, unashindwa nini kutufaa kati ya chuo kikuu na skuli?

Tunapendekeza basi kwa Wizara ya Elimu na kwa viongozi wa wilaya zote 11 mambo matatu. Kwanza, kila skuli ya sekondari iwe na siku maalum, kabla wanafunzi wa kidato cha pili hawajachagua masomo, ambapo wanachuo waliosoma skuli hiyo hiyo watarudi kuzungumza na wadogo zao. Wanachuo wa kike wapewe nafasi ya kuzungumza na wasichana peke yao, kwani yako mambo hawatayauliza mbele ya wavulana. Pili, ubandikwe ubaoni waraka wa lugha nyepesi, wenye kuonyesha kila fani inahitaji masomo gani na mwombaji wa mkopo anahitaji karatasi gani. Tatu, kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, walimu wahakikishe majina ya kila mtahiniwa kwa kuyalinganisha na cheti cha kuzaliwa. Mambo haya hayahitaji bajeti kubwa wala mgeni rasmi. Yanahitaji tarehe, orodha ya majina na mtu wa kuyasimamia. Na Pemba isingojee mpaka Unguja imalize.

Kwa wanachuo wenyewe tunasema: likizo inapoanza mnarudi kwenu Wete, Mkoani, Makunduchi na Nungwi. Skuli mliyosoma haijahama. Mwendeeni mwalimu mkuu, mwombeni saa moja, na mwelezeni mdogo wenu yale ambayo ninyi hamkuelezwa.