Ndimu, jivu na maua: Wiki moja ya Sayansi Jumuishi katika Gredi ya 7

Mwanafunzi wa Gredi ya 7 anapofika nyumbani jioni na kuomba nusu ndimu, kijiko cha jivu na maua machache ya hibiskasi, mzazi huenda akadhani shule imemtwika mzigo usio wake. Malalamiko ya aina hiyo yamesikika tangu wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi walipojiunga na Sekondari Msingi mnamo Januari 2023. Hata hivyo, ombi hilo lina mahali pake katika ratiba ya wiki, na mzazi anayeifahamu ratiba hiyo ataokoa fedha na kumkinga mwanawe dhidi ya hatari.

Sayansi Jumuishi hufundishwa kwa vipindi 5 kila wiki, kila kimoja kikiwa cha dakika 40. Somo hilo limeunganisha Biolojia, Kemia na Fizikia. Elimu ya Afya nayo iliingizwa humo baada ya Jopokazi la Rais kuhusu Mageuzi ya Elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, kupendekeza masomo yapunguzwe kutoka 14 hadi 9. Kwa jumla, mwalimu ana saa 3 na dakika 20 kwa wiki. Muda huo ni mfupi, na ndiyo sababu maandalizi mengine hufanyika nyumbani.

Mada ndogo ya asidi, besi na viashiria, ambayo imo katika mtaala wa Gredi ya 7, inaonyesha vyema jinsi wiki inavyopangwa. Kipindi cha kwanza kwa kawaida huwa cha maswali. Kwa nini mpishi hutia magadi katika maharagwe magumu? Kwa nini mtu mwenye kiungulia hupewa tembe za kutafuna? Wanafunzi hujadili katika vikundi, kila mmoja akiandika dhana yake kabla ya kuelezwa lolote. Kipindi cha pili ni cha usalama na vifaa, na kanuni moja husisitizwa kuliko zote: hakuna kitu kinachoonjwa wakati wa jaribio, hata kama ni chakula.

Jaribio lenyewe ndilo kiini cha wiki, na shule nyingi huunganisha vipindi viwili ili lisikatizwe na kengele. Wanafunzi huponda maua mekundu ya hibiskasi kwa kinu na mchi, huongeza maji ya moto kiasi, kisha huchuja kwa kitambaa safi. Maji yanayopatikana ndiyo kiashiria. Yakidondoshewa ndimu au siki, hugeuka mekundu ya kung'aa, kwa kuwa hizo ni asidi. Yakichanganywa na maji ya jivu au ya magadi, hubadilika na kuwa ya kijani, kwa kuwa hizo ni besi. Siri iko katika rangi asilia ya ua, ambayo umbo la molekuli zake hubadilika kulingana na kiwango cha asidi au besi katika mchanganyiko.

Kabla ya kudondosha chochote, kila kikundi hutakiwa kuandika kinachotarajia kuona. Hatua hii huonekana ndogo, lakini bila hiyo jaribio hubaki kuwa mchezo wa rangi. Matokeo nayo hayalingani kila mara. Weupe wa maziwa lala hufifisha rangi, na jivu lililonyeshewa na mvua hutoa maji hafifu ambayo hayabadilishi kitu. Kikundi kilichopata jibu tofauti hakihesabiwi kuwa kimefeli; huulizwa kwa nini, kisha hurudia. Mzazi akiona daftari la mwanawe lina jibu lililokatwa na kuandikwa upya, hana sababu ya kulichukulia kuwa uzembe.

Elimu hii si ngeni katika jamii za Kenya. Magadi yamechimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, kwa zaidi ya karne moja. Magharibi mwa nchi, maji yanayochujwa kutoka kwa jivu la mimea, maarufu kama munyu, hulainisha mboga za kienyeji. Nyanya aliyeyachuja maji hayo miaka yote anaweza kumsaidia mjukuu wake kuliko kitabu cha ziada. Aidha, wakulima wa maeneo kadhaa ya ukanda huo hutia chokaa shambani kwa sababu udongo wao una asidi nyingi, na mfano huo ndio walimu wengi hufungia mada.

Kipindi cha mwisho hutumika kulinganisha matokeo na yale ya karatasi za litmasi, pale zinapopatikana, na kupima umilisi kwa viwango 4: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio.

Kuhusu alama, ufafanuzi unahitajika. Kazi ya kila wiki haitumwi kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC). Inayotumwa ni tathmini ya shuleni ya Gredi ya 7 na ya 8, ambayo majukumu yake huandaliwa na baraza hilo na kusimamiwa na walimu. Tathmini hiyo huchangia asilimia 20 ya alama zinazotumiwa kumpangia mwanafunzi nafasi katika Sekondari ya Juu. Tathmini ya Gredi ya 6 huchangia asilimia 20 nyingine, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 asilimia 60. Mwanafunzi anayetazamia mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati hana budi kuzoea majaribio mapema, na mazoea hayo hayapatikani iwapo kazi hufanywa na mzazi au kununuliwa ikiwa tayari.

Ni kweli pia kwamba shule nyingi za msingi zinazohifadhi Sekondari Msingi hazina maabara. Kwa sababu hiyo mtaala unahimiza matumizi ya vitu vinavyopatikana katika mazingira. Ndimu ikikosekana, siki hutosha; maua yakikosekana, kabichi ya zambarau hufanya kazi ile ile. Hakuna haja ya kununua kemikali dukani.

Baadhi ya vitu havifai kabisa kubebwa kwenda shuleni. Asidi ya betri ya gari huchoma ngozi na macho. Dawa ya kung'arisha nguo ikichanganywa na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, ambayo hudhuru mapafu hata ikivutwa kwa muda mfupi. Mwanafunzi akiomba mojawapo ya vitu hivyo, mzazi azungumze na mwalimu wa somo kabla ya kumpa. Mtoto akimwagikiwa na kitu cha aina hiyo, sehemu iliyoathirika imwagiliwe maji safi mengi kwa angalau dakika 20, kisha apelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu.