Bomba lenye kutu bafuni: Kabla fundi hajashika spana

UNAFUNGUA koki ya bafuni alfajiri, maji yanatoka na rangi ya chai. Wengi husema yaache kidogo, yatatakata. Lakini kwa familia inayoishi kwenye nyumba ya zamani hapa Utemini, mjini Singida, rangi hiyo ni dalili kwamba bomba za chuma zilizopita ukutani zinalika kwa ndani.

Kutu yenyewe huchafua nguo na sinki kuliko inavyomdhuru mtu. Tatizo ni vinavyokuja nayo. Bomba hizo hupakwa zinki, na zinki ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio huumia zaidi, hasa ubongo. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi.

Pia bomba likitoboka, maji yakikatika presha hushuka, na uchafu wa nje huweza kuvutwa ndani.

Ukiamua kubadilisha, usikubali kazi ya nguvu. Funga kwanza koki ya mita na ya tenki, kisha fungua koki za ndani maji yaishe. Fundi atumie spana mbili za bomba: moja ishike bomba, nyingine izungushe kiungio. Akitumia moja, bomba lililo ukutani hujipinda na kuvunjika mahali usipopaona, na mtagundua ukuta ukishaanza kuota ukungu.

Kiungio kikigoma, kipakwe mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa saa kadhaa, kisha kigongwe taratibu kwa nyundo. Kikiendelea kugoma, kikatwe kwa msumeno wa chuma.

Wapo mafundi wanaopendelea kukichoma kwa moto. Zinki ikiungua hutoa moshi unaoweza kuleta homa na baridi kali saa chache baadaye. Kama hakuna njia nyingine, madirisha yawe wazi na watoto wakae mbali. Vumbi la kutu lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiwe likiwa kavu.

Kosa kubwa ni kuweka bomba jipya la plastiki na kuacha kona moja ya zamani ili kupunguza gharama. Kona hiyo itaendelea kumwaga kutu kwenye maji yenu, na ndiyo itakayovuja kwanza.

Kazi ikiisha, maji yaachwe yatiririke mpaka yatakate. Na kama fedha bado haijapatikana, maji ya kwanza ya asubuhi yasinywewe wala kupikia uji wa mtoto. Yakingeni kwenye ndoo, mpigie deki au mwagie chooni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bomba, pengine utaubomoa kwanza.