Pikapu ya injini ndogo: unafuu wa bei au mzigo wa gharama?

MFANYABIASHARA anayetafuta pikapu ya tani moja iliyotumika hukutana mapema na swali la injini. Toyota Hilux mbili zinaweza kusimama kwenye yadi moja, bodi zikifanana, lakini moja ina injini ya dizeli aina ya 2L yenye cc 2,446 na nyingine 5L yenye cc 2,986. Ile ndogo ikiwa na bei ya chini, na dalali akisisitiza kwamba "hainywi mafuta", wengi hutoa fedha hapo hapo.

Uamuzi huo si mdogo. Kwa mwenye duka, pikapu humeza mtaji ambao ungejaza rafu, na aliyekopa benki hulipa marejesho gari likiwa barabarani au likiwa gereji.

Madai ya dalali yana ukweli, ila ni ukweli wa barabara tambarare. Anayesambaza soda au mikate kutoka Kariakoo hadi Mbagala, mzigo ukiwa kilo 400 au 500, muda mwingi yumo kwenye foleni. Huko cc 540 za ziada hazimwingizii chochote, zinachoma mafuta tu. Huyu achukue injini ndogo bila wasiwasi.

Mlimani hesabu hugeuka. Tuchukue muuza saruji anayepakia Mombo na kushusha Lushoto, mji ulio mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ni kilomita zipatazo 33 za kupanda na kona kupitia Soni, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Dereva mwenye busara wa 2L atapunguza mzigo. Tukadirie kwamba anapakia mifuko 14 ya kilo 50, na mwenzake wa 5L anapakia 20. Kupeleka mifuko 140 kwa wiki, wa kwanza atakwenda safari 10, wa pili safari 7. Hata tukiipa injini ndogo kilomita 9 kwa lita na kubwa kilomita 8, ya kwanza itatumia lita 73 na ya pili lita 58. Gari "lisilonywa mafuta" limekunywa lita 15 zaidi, mbali na posho ya dereva na matairi kwa safari tatu za ziada.

Asiyepunguza mzigo hulipa kwa njia nyingine. Injini hupanda kwa gia namba mbili huku imekanyagwa hadi mwisho, mwendo ni mdogo na upepo unaopita kwenye rejeta ni haba. Gari likichemsha mara kadhaa, silinda hedi hupinda au kupasuka, na hapo unafuu wa bei ya kununulia umekwisha.

Hata hivyo, cc pekee zisimdanganye mnunuzi. Injini ya 2GD iliyokuja na Hilux ya mwaka 2015 ina cc 2,393, ndogo kuliko 2L, lakini kwa kuwa ina tabo nguvu yake ya kuvuta inazidi Nm 340, wakati 5L isiyo na tabo iko karibu na Nm 200. Gharama yake iko kwenye nozeli na pampu, ambazo hazitaki dizeli chafu wala fundi wa kubahatisha. Kwa mwenye duka aliye mbali na mji mkubwa, hilo ni jambo la kupimwa.

Kabla ya kulipa, namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku ilinganishwe na ile ya kwenye kadi ya gari. Pikapu nyingi za zamani zimebadilishwa injini, na si kila muuzaji husema. Injini iwashwe ikiwa baridi, si baada ya dalali kuipasha moto asubuhi, kisha kifuniko cha oili kifunguliwe: moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimechoka.

Lililo muhimu zaidi ni majaribio yenye mzigo. Mnunuzi apakie uzito anaokusudia kuubeba kila siku, atafute mlima, aangalie mshale wa joto hadi juu. Muuzaji akikataa, mazungumzo ya bei yaanze upya kwa kutoa kwanza gharama ya silinda hedi.