Namba za Mistari katika Majibu ya Hifadhidata ya Maneno

Wakusanyaji wa maneno siku hizi huweka akiba yao katika hifadhidata, na wakitaka maneno ya aina fulani huiuliza kompyuta kwa lugha iitwayo SQL, nayo huleta jibu mstari baada ya mstari. Mara nyingi hutaka kila mstari uwe na namba, wapate kuutaja katika maandishi yao. Jambo hili hudhaniwa kuwa jepesi, lakini lina mtego wake, na yafaa lielezwe.

Mwaka 1970 E. F. Codd, aliyebuni muundo wa hifadhidata za aina hii, alieleza kwamba mpangilio wa mistari ya jedwali hauna maana yoyote. Basi namba haimo katika jedwali; huzaliwa pamoja na jibu, na mwenye kuuliza ndiye apasaye kutaja utaratibu wa kupanga. Kanuni za SQL za mwaka 2003 zina amri tatu zifaazo kwa kazi hii. Tutwae maneno manne yaliyopangwa kwa herufi: paa (mnyama), paa (la nyumba), paa (kwenda juu), na pacha. ROW_NUMBER hutoa 1, 2, 3, 4. RANK hutoa 1, 1, 1, 4, kwa kuwa matatu ya kwanza yalingana. DENSE_RANK hutoa 1, 1, 1, 2, bila kuruka namba. Tena, maneno PARTITION BY yakiongezwa, hesabu huanza upya kwa kila fungu, kama vile kwa kila ngeli.

Hatari iko katika amri ya kwanza. Huyapa maneno yale matatu namba mbalimbali, wala haiahidi lipi litangulie: leo huenda akawa mnyama, kesho la nyumba. Mimi mwenyewe niliwahi kutaja mifano katika makala kwa namba za namna hiyo. Nilipouliza tena, baada ya maneno mengine kuingizwa, namba zilezile zilielekeza kwenye maneno mengine kabisa, na msomaji asingeweza kunihakiki.

Kwa hiyo hapana budi kila neno lipewe, siku liingizwapo, kitambulisho kisichobadilika. Nacho kitajwe mwisho katika utaratibu wa kupanga, kiamue palipo na maneno yalinganayo. Namba ya mstari ni ya kuhesabia. Kitambulisho ndicho cha kutajia.