Upepo ni wa Wote, Ardhi Ina Wenyewe

Mtambo wa upepo ni mnara mrefu wenye mapanga matatu kileleni, ambayo yakisukumwa na upepo huzungusha jenereta na kuzalisha umeme bila moshi wala mafuta. Kwa kuwa upepo ukiongezeka kasi mara mbili nguvu yake huongezeka mara nane, mtambo huo hauna budi kusimamishwa mahali palipoinuka au palipo wazi, ambapo hakuna jicho linaloukosa. Bwawa la umeme hufichwa na bonde lake na jenereta ya dizeli huzungushiwa ukuta, lakini mnara wa upepo huingia moja kwa moja katika mandhari, yaani sura ya nchi kama wenyeji walivyoizoea, na kila anayeitazama sura hiyo ana lake la kusema. Mifano minne ya Kenya inaonyesha kwamba maoni hayo hayatofautiani kwa sababu ya macho peke yake.

Katika Milima ya Ngong, karibu na Nairobi, mitambo miwili ya mwanzo iliyotolewa na serikali ya Ubelgiji ilisimamishwa mwaka 1993, na baadaye kampuni ya umeme ya KenGen ikaongeza mingine hadi uwezo ukafikia megawati 25.5, megawati moja ikiwa ni wati milioni moja. Mgongo wa milima hiyo ni njia ya matembezi ya watu wa mjini siku za mapumziko, na minara imekuwa sehemu ya picha wanazorudi nazo. Anayesimama chini ya mnara husikia panga likikata hewa, vuu, kisha kimya kifupi, kisha vuu tena, na jua likiwa upande huona kivuli kirefu kikifagia nyasi. Mtembezi huviona hivyo kuwa burudani ya siku moja, kwa sababu jioni atakwenda kulala kwingine. Lakini kwa mtu ambaye kivuli kile kingepita dirishani pake kila asubuhi, jambo ni jingine kabisa.

Hofu ya namna hiyo ndiyo iliyowashika wakulima wa Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, ambako mradi wa mitambo 38 yenye uwezo wa megawati 60.8 ulipangwa kujengwa kati ya mashamba madogo ya viazi, kabichi na nyasi za ng'ombe wa maziwa. Waliopinga walitaja kelele, afya ya watu na ya mifugo, na zaidi ya yote kuhamishwa, hofu isiyo ndogo mahali ambapo sehemu kubwa ya ardhi iligawiwa wananchi baada ya walowezi wa Kizungu kuondoka, na ekari chache ndizo urithi wote wa familia. Ni kweli kwamba utafiti haujathibitisha kuwa mitambo hii huleta maradhi, ingawa kelele zake huweza kumkosesha usingizi aishiye karibu mno; lakini maelezo ya kitaalamu hayamtulizi mtu aliyekwisha kuamini kwamba anafichwa jambo. Maandamano yalizuka, na mwaka 2016 mradi ukavunjwa kabla ya kuzalisha umeme wowote.

Mbali kaskazini, katika eneo la Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya na kuvuma kwa nguvu karibu mwaka mzima. Huko mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 iliungwa na gridi ya taifa, yaani mtandao wa nyaya zinazosambaza umeme nchini, mwaka 2018. Wanaousifu mradi huo wana hoja nzito, kwani umeme wake ni safi na barabara ya zaidi ya kilomita 200 ilitengenezwa ili kuufikia. Hata hivyo, wafugaji Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo hawakugombania uzuri wala ubaya wa minara, na mifugo bado hupita chini yake. Walichouliza ni namna ekari 150,000 za ardhi ya jamii, yaani ardhi inayomilikiwa na watu wote kwa pamoja kwa desturi, zilivyoandikiwa hati miliki. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati hizo hazikutolewa kwa utaratibu wa sheria. Kinachozidisha uchungu ni kwamba umeme husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ilhali nyumba nyingi zilizo jirani na mitambo hukaa gizani.

Huko Kipeto, katika kaunti ya Kajiado, njia nyingine ilijaribiwa: Wamasai wenye mashamba walikodisha ardhi yao kwa mikataba, wakawa wanalipwa kutokana na mapato ya umeme, na ardhi ikabaki mikononi mwao. Pingamizi kubwa lilitoka kwa watetezi wa ndege, kwa sababu karibu na hapo huzaliana tumbusi, ambao baadhi ya aina zao zimo hatarini kutoweka kabisa. Tumbusi anaporuka huinamisha kichwa akitafuta mzoga ardhini, na akiinama hivyo haoni vizuri kilicho mbele yake, hata panga kubwa jeupe. Kwa ajili hiyo waliwekwa waangalizi wa kuchungulia anga, ambao wakimwona tumbusi akisogea huagiza mtambo usimamishwe hadi apite.

Mtambo unaoweza kusimamishwa ili ndege apite unaweza pia kusubiri mwenyeji aulizwe. Nchi inauhitaji umeme huu, na ndiyo maana haifai kuwaita wapinzani wake maadui wa maendeleo: mkulima wa Kinangop na mfugaji wa Loiyangalani hawakuukataa upepo, bali walikataa kuambiwa habari za ardhi yao baada ya wengine kwisha kuiamulia. Mashauriano yakitangulia mkataba, na mkataba ukatangulia mnara, wapo watakaoendelea kuiona minara hiyo kuwa mibaya, lakini watakuwa wakizungumzia minara, si haki iliyopotea.