Injini Iliyochemka na Dhamana Iliyokataliwa: Nani Abebe Hasara?

Wiki hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wenu limewafika au litawafika, nalo ni ugomvi baina ya mnunuzi na muuzaji wa injini iliyotumika, pale injini inapokufa kabla ya siku za dhamana kwisha. Hatutalieleza kwa kusikia. Limetufika sisi wenyewe hapa Bunda, kwa gari la madrasa yetu.

Gari hilo ni Toyota Hiace ya dizeli, linalobeba wanafunzi, na mara nyingine jeneza. Injini yake ya asili ilipochoka, kamati ilikusanya michango ya Ijumaa kadhaa, shilingi mia tano kwa elfu, hadi ikapatikana shilingi milioni 3 na laki 2. Kwa fedha hizo tulinunua injini ya mtumba kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Mwanza. Risiti aliyotupa iliandikwa: injini moja, dhamana siku 90, isipokuwa kuchemka. Tuliisoma, tukatikisa vichwa, tukatia saini. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maneno yale mawili ya mwisho yana upana gani.

Siku ya 53 gari lilikuwa likirejea kutoka Mwanza. Baada ya kupita Lamadi, mshale wa joto ukaanza kupanda. Gari lilipofika usawa wa lango la Ndabaka, mvuke ulikuwa ukitoka chini ya viti vya mbele, na kabla ya kufika mjini injini ikazimika. Fundi wetu alilivuta hadi gereji na kutuambia kwa simu kwamba maji yanaingia kwenye oili.

Muuzaji alipopata habari alimtuma mtu wake, lakini alifika baada ya siku tisa. Mtu huyo hakufungua kitu. Aliinama tu, akamulika tochi ubavuni mwa injini, akatuonyesha kidude cha bati cha mviringo kilichogandishwa pale. Vidude hivi hubandikwa na wauzaji na watengenezaji wa injini katika nchi nyingi: katikati yake mna madini laini yanayoyeyuka joto likizidi kiasi cha nyuzi 120. Cha kwetu kilikuwa na tundu. Akasema, “Shekhe, imechemka. Dhamana imekufa.” Akapanda gari lake. Kwa simu, muuzaji aliongeza kwamba kosa ni la fundi wetu aliyefunga injini mpya kwenye rejeta kuukuu.

Kauli hii ya pili ndiyo iliyotuuma zaidi. Fundi huyo ni kijana anayelea mama yake na wadogo zake kwa spana, na katika mji kama Bunda neno la namna hiyo huvuka barabara kabla ya adhuhuri. Wateja wawili waliondoa magari yao wiki ileile.

Hebu tulipime dai la muuzaji. Kile kidude ni shahidi wa jambo moja tu: kwamba injini ilipata joto kali. Hakisemi kwa nini. Injini huchemka kwa sababu ya rejeta iliyoziba, feni mbovu, mpira uliopasuka, themostati iliyoganda, au dereva asiyetazama maji. Lakini huchemka vilevile kwa sababu ya gasketi ya hedi iliyokwisha kuliwa tangu ilikotoka, pampu ya maji iliyochoka, au njia za maji ndani ya bloku zilizozibwa na kutu. Sababu za kwanza ni za mnunuzi, hizi za pili ni za bidhaa yenyewe. Mwenye kusema “imechemka” akanyamaza ametaja ugonjwa bila kutaja chanzo chake.

Wanazuoni wetu wa fiqhi walilijua swali hili kabla injini hazijakuwepo. Kipimo chao ni hiki: je, kasoro ilikuwepo kabla mali haijakabidhiwa, na mnunuzi hakuijua? Ikiwa ndivyo, ana hiyari ya kurudisha. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu na bara, mwenye kugundua kasoro yampasa aseme hapo hapo. Akiendelea kuitumia mali baada ya kujua, haki yake ya kurudisha inaanguka.

Je, sharti la “isipokuwa” linamwokoa muuzaji? Imepokewa na Imam Malik katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti la kutowajibika na aibu yoyote. Mnunuzi akalalamika kwamba ana maradhi yasiyotajwa. Wakafika kwa Khalifa Uthman, naye hakuangalia sharti peke yake: alimtaka muuzaji aape kwamba hakuna maradhi aliyoyajua wakati wa kuuza. Ibn Umar hakutaka kuapa, akampokea mtu wake. Baadaye alipopona alimuuza kwa dirhamu 1,500.

Sheria za nchi nazo haziko mbali. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka mfumo wa Kiingereza, inamtaka muuzaji wa biashara hiyo ahakikishe kwamba bidhaa inafaa kwa kazi aliyoelezwa na mnunuzi anayetegemea ujuzi wake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, na mlaji aliyedanganywa anaweza kupeleka malalamiko huko. Lakini sheria nayo haimsubiri mzembe. Uingereza, katika miaka ya 1980, mtu mmoja alinunua gari jipya la Nissan, injini ikakwama baada ya maili 140 tu, kwa tone la gundi lililoziba njia ya oili. Mahakama ilikubali kwamba gari lilikuwa bovu, lakini ikasema wiki tatu alizokaa nalo zimempotezea haki ya kulikataa. Akabaki na fidia tu. Nchi hiyo ilikuja kuandika katika sheria ya mwaka 2015 kwamba ubovu ukijitokeza ndani ya miezi sita, muuzaji ndiye athibitishe kwamba haukuwepo. Sisi hatujafika hapo, na tunaona ingefaa tufike.

Tuliporudi Mwanza tulimwomba muuzaji jambo moja: injini ifunguliwe mbele yake. Alikataa, akisema ikifunguliwa haitarudi kama ilivyokuwa. Tukamkumbusha suala lililomo katika Minhaj ya Imam Nawawi, la nazi, yai na tikiti: kitu ambacho ubovu wake haujulikani ila kwa kukivunja, mwenye kukivunja ili ajue halaumiwi kwa kukivunja. Alicheka. Lakini alikubali, nasi tukampeleka fundi wa tatu, asiyekula mezani kwa yeyote kati yetu.

Hedi ilipotolewa, gasketi ilikuwa imeungua baina ya silinda ya pili na ya tatu. Fundi akang'oa vizibo vya pembeni vya bloku, akachokonoa kwa waya. Ulitoka uchafu mgumu wa rangi ya matofali, umekaukiana kama ukoko wa sufuria. Kutu ya namna ile haijengeki kwa siku 53. Muuzaji aliitazama kwa muda, hakusema neno.

Hapa tungeweza kusema tumeshinda, lakini hedi nayo ilikuwa na ufa. Fundi alieleza kwamba ufa huo huja gari linapoendeshwa likiwa tayari limechemka. Usiku kabla ya safari tulimwuliza dereva wetu faraghani, naye akakiri: aliuona mshale kabla ya Ndabaka, hakusimama. Gari lilikuwa na kina mama na watoto, jua limezama, na kila mkazi wa huku anajua tembo wa Serengeti wanavyotoka nyakati hizo. Baadhi ya wazee wa kamati walishauri tusilitaje. Walisema fedha ni za yatima, na muuzaji hakutuuliza.

Tulilitaja. Hatuwezi kumtaka mtu aape juu ya alichokijua huku sisi tunaficha tunachokijua. Mzee mmoja hakusema nasi kwa siku kadhaa, na hatumlaumu, kwani naye alichangia.

Fiqhi ina njia hata kwa hali hiyo, ambapo kasoro mpya imeota juu ya ya zamani mikononi mwa mnunuzi: ama arudishe mali pamoja na fidia ya alichokiharibu, ama abaki nayo alipwe upungufu wa kasoro ya zamani. Mafundi wawili waliikadiria hedi kuwa shilingi laki 4 na nusu. Muuzaji akachagua kuipokea injini yake, akatupa nyingine, nasi tukamlipa kiasi hicho. Gharama ya kufunga upya tuligawana. Tuliomba sharti moja la ziada, kwamba ampigie simu fundi wetu na kufuta kauli yake. Alipiga mbele yetu, kwa maneno machache, akikohoa kohoa.

Risiti mpya tuliiandika pamoja. Neno “isipokuwa kuchemka” limebaki, ila limeongezwa “kwa uzembe wa mnunuzi”, na chini yake ikaandikwa kwamba injini haitahukumiwa kabla ya kufunguliwa mbele ya pande mbili. Rejeta tulinunua mpya. Fundi wetu, kabla ya kuifunga injini ya pili, aliingiza mpira wa bomba ndani ya bloku na kufungulia maji. Ya mwanzo yalitoka na rangi ya chai. Aliyaacha yatiririke mpaka alasiri ilipoadhiniwa, yakawa meupe, ndipo akashika spana.